Kiapo na Ushujaa Kando ya Mto Sabaki: Fumo Liyongo na Mekatilili wa Menza

Mwaka 1913 mambo mawili yalitokea katika pwani ya kaskazini ya Kenya ambayo wanazuoni hawana desturi ya kuyataja pamoja. Huko Lamu, Muhamadi bin Abubakari, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kijumwa, aliandika kwa hati za Kiarabu utenzi wa beti zaidi ya 200 juu ya Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa Ozi na Pate. Mwaka huo huo, kusini ya hapo, mjane wa Kigiriama aitwaye Mekatilili wa Menza alikuwa akizunguka kijiji kwa kijiji, akiwaita watu waende Kaya Fungo kula kiapo. Utenzi wa Kijumwa haumjui Mekatilili, wala hapana sababu ya kudhani kwamba Mekatilili aliwahi kuusikia utenzi.

Hata hivyo yafaa wawili hawa wasomwe pamoja. Mto Sabaki, ambao hutoka bara ukiitwa Athi, ukapita nyikani ukiitwa Galana, kisha ukamwaga maji yake baharini baina ya Malindi na Mambrui, umewapa wanaisimu jina la jamii ya lugha ambamo Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro ni ndugu wa tumbo moja. Tangu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walipochapisha kitabu chao kikubwa mwaka 1993, jina hilo limekuwa la kawaida katika taaluma. Lakini ndugu wa tumbo moja huweza kulelewa nyumba mbili. Shujaa wa Waswahili alilelewa na utenzi, na shujaa wa Wagiriama alilelewa na kiapo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi dhana za ushujaa, uaminifu na kujitolea zilivyojengeka katika visa hivyo viwili, na kwa nini fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa imempokea yule wa kwanza kwa mikono miwili huku ikimwacha wa pili amesimama mlangoni.

MANENO YENYEWE

Ni vyema kuanza na msamiati. Neno shujaa limetoka katika Kiarabu, na pamoja nalo yamekuja maneno kadhaa ambayo leo hayana budi kutumika kila ushujaa unapozungumzwa: uaminifu, ambao una mzizi mmoja na amana, kafara, sadaka. Kiapo, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu lililotokana na kitenzi kuapa, na Kiswahili kimelishika kwa namna ya pekee, kwani mtu hula kiapo hata kama hapana kitu kilichoingia kinywani mwake. Kwa shahidi aliyesimama mahakamani msemo huo ni sitiari iliyochoka. Kwa Mgiriama aliyesimama kayani mwaka 1913 hapakuwa na sitiari yoyote. Kiapo kilikuwa kitu chenye nguvu yake, nacho kiliaminiwa kuwa kinaweza kumwua mwenye kukivunja bila ya askari wala hakimu.

Kiswahili cha kale kina neno jingine la ushujaa, nalo ni uume. Mtu jasiri ni mwanamume, tena ni nyamaume. Mwoga huambiwa kwamba ni mwanamke, na hayo ndiyo matusi makubwa ya vitani. Picha zinazoandamana na msamiati huu ni za simba, fahali na jogoo. Msamiati huu ukichukuliwa kama ulivyo, Mekatilili hana pa kuketi. Anayemwita shujaa amekwisha kulipanua neno, apende asipende, na upanuzi huo si jambo dogo kwa wanaolichunguza neno hilo katika kamusi.

LIYONGO, SHUJAA WA DAMU

Kisa cha Liyongo chajulikana vya kutosha, na hapa kitaguswa kwa ufupi tu. Kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, miaka zaidi ya arubaini kabla ya utenzi wa Kijumwa; kwa hiyo Kijumwa hakukibuni kisa, bali alikipa umbo. Zama alizoishi Liyongo zingali zinajadiliwa na wataalamu. Katika kisa hicho Liyongo ni mtu wa kimo na nguvu zisizo za kawaida, hodari wa upinde, na mshairi. Mfalme wa Pate anamwogea ufalme wake na kumtia gerezani. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hula kilicho kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo anamtuma Saada kwa wimbo wenye mafumbo, mama analifumbua fumbo, na tupa inafichwa ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi hawautamani. Wakati ngoma ya gungu inavuma nje, mfungwa anakata pingu zake.

Mwisho wake wajulikana pia. Mfalme anamshawishi mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana anamwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Baba anatambua kwamba ameulizwa na adui kwa kinywa cha mwanawe, na bado anamjibu: sindano ya shaba kitovuni. Kijana anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anainuka, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde wake, na anakufa katika hali hiyo. Kwa siku kadhaa hakuna anayethubutu kuteka maji, kwani kila mmoja anadhani yu hai. Kijana hapati alichoahidiwa, anakataliwa na kila mtu, na anakufa kwa maradhi.

Ukichunguza ni nani aliye mwaminifu kwa nani, utaona kwamba uaminifu wote wa kisa hiki unapita katika mishipa ya damu. Mama ni mwaminifu kwa mwanawe. Mwana anakosa uaminifu kwa baba, na hapo ndipo ubaya wote ulipo. Uhaini wa kijana ni mkubwa kwa kuwa ni wa mwana. Kama askari mmoja wa Pate ndiye aliyemchoma Liyongo, pangekuwapo kifo lakini pasingekuwapo utenzi. Mji wenyewe haumo katika hesabu hii. Watu wa Pate wanakula njama, wanaogopa, wanakosa maji, wanalia. Hawaapi jambo lolote pamoja. Kuna mtu mmoja tu ambaye uaminifu wake hautokani na damu, naye ni Saada, aliyebeba wimbo kwenda na mkate kurudi. Bila yake Liyongo angekufa gerezani. Hakuna anayemshukuru kijakazi huyo, wala kisa hakimtaji tena baada ya kazi yake kwisha. Wahakiki wameandika mengi juu ya sindano na machache mno juu ya aliyebeba tupa.

Kujitolea kwa Liyongo nako kuna sura yake. Anajua kwamba atauawa na bado anatoa siri. Wengine wameona hapo udhaifu wa baba, wengine ukubwa wa mtu asiyekubali kumwogopa mwanawe. La msingi ni kwamba anatoa roho yake kwa heshima yake mwenyewe. Hakuna anayenufaika na kifo hicho.

MEKATILILI NA KIAPO CHA KAYA

Wagiriama ni wengi kuliko makabila mengine manane ya Mijikenda. Masimulizi yao yanaueleza mji wao wa asili kuwa Kaya Fungo, boma lililomo ndani ya msitu, ambamo wazee wa kambi walikata mashauri na kuhifadhi viapo. Kufikia mwisho wa karne ya 19 wengi wao walikuwa wamekwisha kuihama kaya na kutawanyika kuelekea kaskazini, wakavuka Sabaki na kulima ardhi yenye rutuba upande wa Magarini na Marafa. Waliwauzia watu wa Malindi na Takaungu nafaka, na walikuwa wakifanya biashara ya pembe za ndovu. Ni muhimu kulielewa jambo hili, kwa sababu Serikali ya Kiingereza, iliyotangaza himaya yake mwaka 1895, ilikuja kuwaona Wagiriama kuwa watu wavivu wasiotaka kazi. Kazi walikuwa nayo. Wasichotaka ni kuyaacha mashamba yao ili wakalime ya walowezi wa pwani kwa ujira.

Mwaka 1912 Arthur Champion, Bwana Shauri msaidizi, aliwekwa kati ya Wagiriama ili akusanye kodi ya nyumba ya rupia 3 na kupata vijana wa kazi. Kwa kuwa wazee wa kaya hawakuwa na desturi ya kuamrisha watu, Serikali iliteua wazee wake yenyewe na kuwalipa mshahara. Hapo ndipo swali la uaminifu lilipozuka: mzee anayekula mshahara wa Serikali ni mzee wa nani?

Mwanamke aliyeliuliza swali hilo kwa sauti alizaliwa akiitwa Mnyazi, binti wa Menza. Mekatilili ni jina la uzazi, yaani mama yake Katilili, na kiambishi me- katika Kigiriama kinafanya kazi ambayo Kiswahili hukitumia kwa maneno mawili, mama fulani. Alikuwa mjane wa makamo, hakuwa na cheo, na desturi haikumpa mwanamke nafasi katika kambi. Masimulizi yanaeleza kwamba alipokuwa mdogo nduguye alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, na kwamba uchungu huo ndio uliomfanya asivumilie kuona vijana wakichukuliwa tena. Yanaeleza pia kwamba alijenga hoja yake juu ya utabiri wa Mepoho, mwanamke aliyetabiri zamani kuja kwa wageni na kuharibika kwa nchi. Aliwakusanya watu kwa kucheza kifudu, ngoma ya mazishi. Uchaguzi huo wa ngoma una maana. Anayepiga ngoma ya mazishi mahali ambapo hapana maiti huwafanya watu waulize ni nani aliyekufa.

Kisa kimoja kinachosimuliwa sana ni cha kuku. Inasemekana kwamba katika baraza Mekatilili alimletea Bwana Shauri kuku mwenye vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Alipounyosha mkono, kuku alimdonoa. Mekatilili akasema kwamba ndivyo watakavyofanya Wagiriama atakapojaribu kuwachukua watoto wao. Masimulizi mengine yanaongeza kwamba mzungu alimpiga kuku risasi, mengine kwamba alipigwa kofi. Mwanahistoria atataka kujua ni lipi lililotokea. Mhakiki wa fasihi simulizi ana swali jingine: kwa nini kuku? Mnyama huyu hamo katika orodha ya simba na fahali. Hawindi wala hapigani kwa kupenda vita. Hupigana pale tu anapochukuliwa kifaranga, na hapo hajali ukubwa wa adui. Kisa hiki kimefanya kile ambacho msamiati wa uume haukuweza kukifanya, nacho ni kumpa mwanamke picha ya ushujaa inayotokana na uani kwake. Ni picha inayofahamika na kila mtoto aliyewahi kutumwa kukamata kuku.

Lakini kuku peke yake asingeitikisa Serikali. Kilichoitikisa ni kiapo. Mwaka 1913 wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, na wanaume kile cha fisi, ambacho kilikuwa kinaogopwa kupita vyote. Walioapa walijifunga wasitoe vijana kwa kazi ya Serikali wala wasiwatii wazee wa mshahara. Jambo la kuzingatia ni kwamba kiapo hiki hakikumfunga mtu kwa Mekatilili. Hakuna aliyeapa kumfuata yeye, wala kumtii mwenziwe Wanje wa Mwadorikola, mzee aliyeshirikiana naye. Uaminifu ulikuwa wa mtu kwa mwenzake, na wa wote kwa kaya. Kiongozi angeweza kuondolewa na kiapo kikabaki.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mnamo Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, wafungwe miaka mitano. Serikali ilitazamia kwamba mambo yatatulia, lakini vijana wa kazi hawakupatikana. Maofisa walitambua kwamba tatizo lao si watu wawili bali ni maneno yaliyosemwa kayani, wakawalazimisha wazee waviondoe viapo kwa taratibu zake. Kuna kichekesho kidogo katika jambo hilo, ambacho maofisa wenyewe hawakukiona: Serikali iliyosema kwamba viapo ni ushirikina ilitaka viondolewe kwa utaratibu wa kaya uliokamilika.

Januari 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka Kisii wakarudi kwao kwa miguu, mwendo wa mamia ya maili, wakipita katika nchi za watu ambao lugha zao hawakuzijua. Fasihi ya Kiswahili ina safari nyingi za mashujaa. Hii ingali inamngoja mtunzi wake. Mwezi wa Agosti walikamatwa tena. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Katikati ya mwezi huo vita vilianza, Wagiriama kwa pinde na mishale ya sumu, Serikali kwa bunduki za Keya. Wagiriama wasiopungua 150 waliuawa, nyumba zikachomwa kwa maelfu, mbuzi kwa maelfu wakatwaliwa. Juu ya hayo walitozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kuihama ardhi yao ya kaskazini ya Sabaki.

Hapa yafaa kusahihisha picha ambayo imeenea katika sherehe na vitabu vya shule, ya Mekatilili akiwatangulia wapiganaji mwenye upinde mkononi. Vita vilipopamba moto alikuwa amekwisha kukamatwa mara ya pili. Ushujaa wake ulikuwa wa kinywa na wa nyayo. Wale wanaompa silaha asizokuwa nazo wana nia njema, lakini wanamrudisha katika msamiati wa uume ambao yeye aliutoka, kana kwamba mwanamke hawezi kuwa shujaa mpaka apigane kama mwanamume.

Kujitolea nako kulikuwa kwa namna nyingine. Liyongo alitoa roho yake. Walioapa Kaya Fungo walitoa nyumba, mbuzi, mashamba na watu, na hakuna jina moja lililobeba hasara hiyo yote. Pia si kila mtu alitoa kwa hiari. Kiapo chenye kuua hakimwachi mtu nafasi ya kusema hapana, na kati ya walioapa walikuwapo waliomwogopa fisi kuliko walivyomchukia Champion. Mhakiki akilificha jambo hili ili shujaa wake ang'are, atakuwa ameandika kasida.

MALINDI KATIKA UTENZI WA WAGENI

Uaminifu wa aina ya tatu una historia ndefu katika mwambao huu, nao ni ule wa mwenyeji kwa mgeni. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498 alipokewa vizuri, na urafiki wa Malindi na Wareno ukadumu karne nzima. Mwaka 1572 Luís de Camões alipochapisha utenzi mkuu wa Wareno, alimketisha Mfalme wa Malindi mbele ya da Gama ili asimuliwe historia ya Ureno kwa tungo tatu nzima za kitabu hicho. Mfalme huyo ni mwaminifu, mkarimu na msikivu kupita kiasi. Kazi yake katika utenzi ni kusikiliza. Ushujaa unaosimuliwa barazani mwake ni wa mgeni wake.

Malipo ya uaminifu huo hayamo katika Camões. Wareno walipoiteka Mombasa mwishoni mwa karne ya 16 walimweka Mfalme wa Malindi katika kiti cha huko. Aliyemfuata, Sultani Hasan, aligombana na makapteni wa Ngome ya Yesu, akakimbilia bara na kuuawa mwaka 1614 kwa ujira wa Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe Yusuf alilelewa Goa na mapadri, akabatizwa, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme mtiifu. Mwaka 1631 aliingia ngomeni akamwua kapteni. Kwa Kanisa ni mwasi, kwa baadhi ya wenyeji ni shujaa. Laiti angalipata Kijumwa wake, pengine angalisimama karibu na Liyongo: mwana aliyetumwa na adui, lakini safari hii akamgeukia adui mwenyewe.

VITABU VYA LEO

Watunzi wa Kiswahili wa nusu ya pili ya karne ya 20 walilikuta swali la kiapo na shujaa mezani. Ebrahim Hussein alilishika katika Kinjeketile mwaka 1969, tamthilia inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905. Maji ya Kinjeketile yanafanya kazi ile ile ya viapo vya Kaya Fungo: yanawaunganisha watu ambao hakuna mfalme awezaye kuwaunganisha. Tofauti ni kwamba Hussein anamtazama mtu aliyelitoa neno kisha likamshinda nguvu. Mwisho wa tamthilia Kinjeketile anakataa kulikanusha neno hilo hata kwa gharama ya roho yake, kwa kuwa limekwisha kuwa mali ya wengine. Hakuna tamthilia ya Kiswahili iliyoikaribia zaidi maana ya kiapo cha Kigiriama, ijapokuwa haihusu Wagiriama.

Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alimweka mwanamke mbele katika Kilio cha Haki, mwaka 1981. Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon, na kabla ya kumkabili mlowezi analazimika kukabili dharau ya wanaume wa upande wake. Shamba la mlowezi, kazi ya ujira mdogo, mwanamke asiye na cheo aliyesimama mbele ya wanaume: msomaji wa Kilifi hahitaji kuelezwa kwamba habari hizi si ngeni kwake.

Kithaka wa Mberia, alipochapisha Kifo Kisimani mwaka 2001, alikirudia kisa cha Liyongo chenyewe, lakini alikigeuza moyo wake. Mwelusi wa tamthilia hii anatetea watu wanaonyanyaswa na Mtemi Bokono. Nduguye Gege anamsaliti kwa tamaa ya binti wa mtawala, na kisima kinabaki pale pale. Ila sasa kifo kina faida kwa wengine, na umma unainuka. Yaani mtunzi wa karne ya 21 ameona kwamba shujaa wa damu hamtoshi msomaji wake, akamsogeza Liyongo kusini, upande wa kaya, pengine bila ya kukusudia.

Kwa nini basi Mekatilili mwenyewe hajapata utenzi au tamthilia ya Kiswahili yenye uzito wa vitabu hivyo? Sababu moja ni ya ufundi. Jukwaa na filamu hupenda uso mmoja. Sanamu vilevile, na Mekatilili amesimamishiwa yake mjini Malindi. Kiapo hakina uso. Mtunzi akimchora Mekatilili peke yake anapoteza kaya, na akiichora kaya nzima anampoteza Mekatilili. Sababu ya pili ni ya lugha, nayo inawahusu walimu wa vyuo moja kwa moja. Mekatilili alisema Kigiriama. Maneno yake yaliingia katika majalada ya Serikali kwa Kiingereza cha maofisa waliotaka afungwe, na mwanahistoria Cynthia Brantley, aliyewahoji wazee na kuchapisha kitabu chake mwaka 1981, naye aliandika kwa Kiingereza. Anayemtafuta leo katika Kiswahili humkuta katika tafsiri ya tafsiri. Liyongo alipata Kijumwa aliyeijua kila silabi ya wimbo wake. Mekatilili alipata makarani.

Kukusanya masimulizi ya Kigiriama kwa Kigiriama, yakiandikwa kwa sauti zake na kufafanuliwa kwa Kiswahili, ni kazi isiyoweza kungoja. Misitu ya kaya iliandikishwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, na mwaka uliofuata mila za kaya zikawekwa katika orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Miti hulindwa kwa sheria. Wasimulizi hawana ulinzi huo. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa katika miaka ya karibuni kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi nyuma ya shuku hizo kukiwa na ugomvi wa ardhi, na mvi zimekuwa hatari kwa mwenye nazo. Huko Kaya Godoma, Ganze, wazee waliokimbia makwao wamepewa hifadhi. Mwanafunzi anayetaka kusikia jinsi wahenga walivyosimulia habari za mukushekushe na fisi angeweza kuanza kazi yake hapo, na kuifanya kwa adabu, kwa kuwa anaowaendea wamekwisha kuhojiwa na wengine kwa mapanga.

Jambo moja dogo la majina lingefaa kutazamwa katika utafiti kama huo. Liyongo ana mwana ambaye kila msomaji wa Kiswahili anajua alichofanya. Mekatilili anaitwa kwa jina la mwana ambaye masimulizi hayana mengi ya kusema juu yake; Katilili yumo katika jina la mama yake na karibu hayumo penginepo. Mwana wa kwanza alimwua shujaa, na wa pili alimpa jina.

Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliachiliwa wakarudi kwao. Serikali iliyoilipua Kaya Fungo iliwaruhusu waishi humo humo, Wanje akiwa mkuu wa baraza la wanaume na Mekatilili mkuu wa baraza la wanawake. Alifariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale, upande wa Magarini, kaskazini ya Sabaki.